Sikio la Mgonjwa

Swali alilolichukia kuliko yote lilikuwa "Umeelewa?" Alisema swali hilo lina jibu moja tu. Mzee atasema ndiyo kwa sababu hataki kuonekana mjinga mbele za watu. Kijana atasema ndiyo kwa sababu ana haraka. Mama mwenye mtoto mgongoni atasema ndiyo kwa sababu amechoka kusimama. Wote watatoka getini, watasimama barabarani na kuulizana, "Hivi wamesema nini wale?" Kwa hiyo yeye hakuliuliza. Alipomaliza kumweleza mtu habari za ugonjwa wake na dawa zake, aliegemea nguzo ya baraza, akakunja mikono kifuani, akasema, "Haya. Nirudishie."

Na ilibidi umrudishie, yote, kwa maneno yako mwenyewe, mbele ya benchi zima.

Tulimwita Sista wa Benchi. Jina lake analo, na kwenye cheti cha kustaafu wameliandika kwa herufi kubwa, lakini ukilitaja huku kwetu Iramba watu watakuuliza unamsema nani. Ukisema Sista wa Benchi, hata mchimbaji wa Sekenke aliyepanda kuja hospitali mara moja tu katika maisha yake atakwambia alikuwa anasimama wapi. Wauguzi wengine walikuwa wa wodi, wa maabara, wa kliniki ya watoto. Yeye alikuwa wa benchi, yaani pale nje wanapokaa wanaosubiri, na kazi yake ilikuwa kuwaambia watu kinachowasubiri ndani.

Benchi lenyewe nimelitengeneza mimi. Mimi ni fundi seremala, nina kibanda changu hapa Misigiri, na ndivyo tulivyojuana. Alikuja mwenyewe kuagiza, akanipa vipimo kama mtu aliyelala akiviota. Liwe limeinuka kidogo kwenda juu, ili bibi kizee aweze kuinuka bila kushikwa mkono. Liwe refu kuliko mabenchi ya kanisani. Lisiwe na mgongo.

"Sista, wagonjwa watachoka," nikamwambia.

"Wakiegemea wanasinzia. Wakisinzia nitamwambia nani?"

Nilipomaliza kuandika vipimo nikavisoma kwa sauti, kimoja kimoja, kama ninavyofanya kwa kila mteja, maana mbao ukishaikata imekatika. Sista akasema, "Wewe unajua kusikia." Nilivimba kichwa siku nzima. Sikujua kwamba sifa hiyo itakuja kutuponza sote wawili.

Asubuhi yake ilianza saa moja na nusu, kabla dirisha la kadi halijafunguliwa. Nimemsikiliza mara nyingi, kwa sababu benchi lilihitaji kukazwa misumari kila baada ya mavuno, watu wanapopata nafasi ya kuugua. Kwanza alisalimia wazee, mmoja mmoja, shikamoo zake zikitembea kutoka mwanzo wa benchi hadi mwisho, na hakuruka hata yule aliyekuwa analalamika tangu alfajiri. Kisha, badala ya kuanza na malaria au presha kama bango lilivyoagiza, alisema, "Choo kiko kule, nyuma ya mwarobaini. Cha wanawake ni chenye mlango wa bati. Nendeni sasa, nitawasubiri. Mtu aliyebanwa hasikii kitu." Watu walicheka, halafu nusu ya benchi iliinuka ikaenda.

Waliporudi ndipo alipowatembeza kwa maneno. Kadi pale. Daktari mlango wa tatu. Akikuandikia damu, unakwenda maabara, na damu watakayochukua ni kidogo, haijai kijiko cha chai, hawaiuzi. Majibu yanarudi kwa daktari, si kwako, kwa hiyo usiende nyumbani ukadhani umemaliza. Dawa dirisha lenye pazia la bluu. Aliyoyasema kwa Kiswahili aliyasema tena kwa Kinyiramba, na akiona shuka za upande wa Ikungi aliyasema kwa Kinyaturu. Kinyaturu chake wenyewe walikicheka, naye aliwaacha wacheke, maana mtu anayecheka, alisema, angalau anasikiliza.

Kila alipokuwa anarudishiwa maneno, benchi lilikuwa burudani kuliko redio. Namkumbuka mzee mmoja mfugaji kutoka Mkalama, fimbo mkononi, aliyepewa dawa za kifua. Akasimama wima akarudisha: "Vidonge viwili asubuhi, viwili jioni, siku saba hata nikipata nafuu siku ya tatu, na pombe kidogo."

"Pombe kasema nani?"

"Hiyo nimeongeza mimi."

Benchi likaangua kicheko. Sista hakucheka. Akamwambia arudishe upya bila nyongeza, na mzee akarudisha, akikaza macho kwenye pazia la bluu, kama mwanafunzi aliyebaki peke yake darasani.

Alikuwa na ukali wake. Mchungaji mmoja alikuja na mgonjwa wa sukari, na kila Sista alipofungua kinywa yeye alisema Mungu atatenda. Mara ya tatu Sista akamjibu, "Atatenda, mchungaji. Na huyu atameza." Madaktari wapya waliotoka vyuoni walimwogopa kuliko walivyomwogopa mganga mkuu. Alikuwa anagonga mlango, anaingia na mgonjwa kamshika kiwiko, anasema, "Daktari, huyu ametoka kwako hajaelewa. Hana makosa." Basi. Hakumalizia makosa ni ya nani.

Neno lake lingine lilikuwa "Sijui." Sijapata kumwona mtu wa hospitali anayelitumia neno hilo bila aibu kama yeye. Mchimbaji mmoja wa Sekenke, kifua kimejaa vumbi la mwamba, alimuuliza kama atarudi shimoni. Mtu mwingine angempoza kwa maneno matamu. Yeye akasema, "Sijui. Twende tukaulize," wakaenda wote. Walipotoka, jibu lilikuwa baya. Sista akakaa naye kwenye benchi langu, na benchi likasubiri. Nilikuwa nimeshika nyundo, nikaona haya kuipiga.

Vipeperushi hakuvipenda. Viliteremshwa maboksi kwa maboksi, vyenye picha za familia zinazotabasamu, meno meupe, baba kavaa shati jipya. "Hawa hawaumwi," alisema, "hawa wamekuja harusini." Siku moja alimpa mzee mmoja kipeperushi, mzee akakishika kichwa chini miguu juu na kuitikia kwa kichwa, taratibu, ukurasa hadi ukurasa. Tangu hapo maboksi yakakaa kabatini, panya wakayasoma.

Lakini msinifanye nimchore malaika. Yeye aliyewasimanga watu wa sukari kila Jumatano alikuwa anakunywa soda saa nne kamili, nyuma ya stoo, mgongo kaupa ukuta. Mimi nilimfumania, nilikuwa nimekwenda kutafuta mbao za kufungia dirisha. Akameza funda, akafuta mdomo.

"Fundi, nirudishie ulichokiona."

"Sijaona kitu, Sista."

"Umeelewa," akasema. Nadhani ndiyo siku pekee alipolitumia neno hilo. Tena sindano aliziogopa. Wauguzi wenzake walinidokeza kwamba alipochomwa chanjo alifumba macho na kumshika mtu mkono.

Sasa nifike kwenye sikio, maana huko ndiko ninakokwenda tangu mwanzo na nimekuwa nikizunguka.

Huku kwetu mgonjwa hapelekwi hospitali na mtu mmoja. Anapelekwa na ukoo. Wanakuja watano, sita, na kati yao yupo baba mkubwa mmoja mwenye koti, ndiye anayeongea. Daktari anamwambia huyo wa koti, wa koti anaitikia, na wakifika nyumbani wa koti anarudi kwake Mkiwa kwenye biashara zake, mgonjwa anabaki na watu wasioambiwa chochote. Sista aliliona hilo mapema. Kwa hiyo kila ukoo ulipofika alisimama mbele yao akauliza, "Nani sikio la mgonjwa huyu?" Wa koti alisimama. Sista akamwambia kwa heshima zote, "Baba, wewe ni mdomo. Mdomo nao tunauhitaji. Nenda kanishikie foleni dirisha la kadi." Halafu akawatazama waliobaki, akamchagua yule asiyesema, aliyekuwa amebeba kikapu au anamshika mgonjwa mgongo. Huyo akawa sikio. Sikio lilikwenda na mgonjwa kila mlango, likasikia yote, likarudisha yote. Mgonjwa akiwa na homa au hofu, sikio halina homa. Huo ulikuwa utaratibu wake, hakuusoma popote, na nimeona watu wakipona kwa sababu yake.

Nilimwona pia akikosea, mara moja, na aliyelipia kosa hilo alikuwa mama mkwe wangu.

Mama mkwe alipasuliwa tumbo pale pale hospitalini, uvimbe ukatolewa, akashonwa vizuri. Siku ya kuruhusiwa tulikwenda mimi, mke wangu Naomi, na shangazi zake wawili. Naomi alikuwa anahangaika na mtoto wetu aliyekuwa anaharisha. Shangazi walikuwa wanagombana juu ya nani atambebea mgonjwa mizigo. Sista akauliza nani sikio, akatutazama, macho yake yakanifikia, akatabasamu. "Fundi yupo. Huyu anajua kusikia."

Wengine walipokwenda kumtoa mgonjwa wodini, akanieleza. Kidonda kioshwe kila siku kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Mgonjwa asibebe ndoo, asibebe kuni, na asitwange, asitwange kabisa, kwa wiki sita. Tumbo litazamwe kila asubuhi. Likiwa jekundu pembeni mwa nyuzi, au likitoa usaha, arudi siku hiyo hiyo. Nikamrudishia neno kwa neno. Akanisifu mbele ya benchi.

Asiyekuwa wa huku anaweza asijue kosa liko wapi. Mimi ni mkwe. Mama mkwe nikikutana naye njiani napisha. Siketi kwenye mkeka wake, sili naye, na jina lake halijawahi kupita kinywani mwangu. Ndivyo nilivyolelewa, nami naona ni heshima, siyo mzigo. Sasa nitafunguaje kinywa niseme tumbo la mama mkwe litazamwe? Nilimrudishia Sista kwa sababu pale hospitalini maneno yalikuwa kama ya vipimo vya mbao. Nyumbani yalikuwa maneno ya mwili wake. Hata kwa Naomi hayakutoka. Alipouliza wamesemaje, nikatazama chini nikasema, "Wamesema apumzike."

Na alipumzika, kwa jinsi tunavyojua kupumzika. Hakwenda shamba. Lakini watu walikuja kumpa pole na kumshukuru Mungu kwa ajili yake, wakaja wengi, na mama gani wa huku ataketi wageni wakiwa na njaa? Siku ya tisa akachukua mchi akatwanga uwele. Kwake ile haikuwa kazi, ilikuwa adabu tu. Kidonda kikafumuka. Akaficha siku mbili, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwambia usaha ni habari ya kusemwa. Siku ya tatu tulimrudisha akiwa hajitambui.

Nilikaa kwenye benchi nililolitengeneza kwa mikono yangu, nikalichukia, nikajichukia mimi zaidi. Naomi aliposikia kutoka kwa wauguzi yale niliyokuwa nimeambiwa, hakunipigia kelele. Siku nyingi hakunisemesha zaidi ya chakula kipo. Mama mkwe akashonwa upya na kulala wodini wiki nne. Alipona. Nalisema mapema ili msomaji asihangaike.

Jumamosi moja, mama akiwa bado wodini, pikipiki ikasimama nyumbani kwetu Misigiri. Akashuka Sista wa Benchi, kavaa kitenge, sikuwahi kumwona bila gauni jeupe. Akaomba aitiwe Naomi na shangazi wote wawili. Hakukaa. Akasema, "Kosa si la huyu. Kosa ni langu. Nilitazama nani anajua kusikia, sikutazama nani anaweza kusema. Naomba mnisamehe."

Huku hatujazoea mtu wa hospitali kuja nyumbani kwako kuomba msamaha. Shangazi mmoja akamletea kigoda, mwingine akakimbilia jikoni. Mimi nilitoka nikaenda nyuma ya nyumba nikalia, na sioni haya kuliandika.

Jumatatu iliyofuata aliisimulia habari hiyo kwenye benchi, hakutaja jina langu wala la mama, na tangu siku hiyo akaongeza swali. Baada ya kuuliza nani sikio, aliuliza, "Na nani anaweza kumtazama mgonjwa huyu nguo ikiwa imefunuliwa, bila haya?" Wakati mwingine ukoo mzima ulitazamana ukakuta hayupo. Basi alisubiri. Alimtuma mtu akamlete binti, au dada, au jirani aliyezoeana na mgonjwa, hata kama anakaa mbali, na hakumruhusu mgonjwa kuondoka mpaka huyo afike. Daktari mmoja alilalamika kwamba anajaza wodi. Akamjibu, "Nilishamruhusu mmoja haraka. Namjua."

Miaka ikapita, akastaafu. Walimkatia keki, wakamfunga vitenge, mimi nikampa kigoda cha mninga kisicho na mgongo, akacheka mpaka akashika mbavu. Siku hizi barazani wameweka televisheni inayoonyesha jinsi ya kunawa mikono. Sisemi ni mbaya. Yupo pia muuguzi kijana aliyejifunza kwake, naye akimaliza kueleza anasema nirudishie, ingawa kwa sauti ya kuomba. Benchi bado ni lile, nimebadilisha miguu miwili tu.

Mwezi huu, Jumatatu, akanipigia simu.

"Fundi, una nafasi Alhamisi?"

"Ninayo, Sista. Nije na mkanda wa kupimia?"

"Hapana. Uje na masikio."

Tulipanda basi la asubuhi kwenda Singida mjini. Amekonda. Njia nzima alizungumza habari za alizeti, nani kavuna gunia ngapi, kuku gani kaangua. Tulipokaa kwenye kiti cha kusubiria hospitali ya rufaa, kiti cha chuma chenye mgongo, akaacha kuzungumza. Akafungua mkoba akatoa kipeperushi kilichokunjwa mara nne. Hakikuwa kimekunjuliwa hata mara moja.

"Nilikuja peke yangu wiki iliyopita," akasema. "Nina uvimbe. Nimeuficha tangu tunapanda alizeti."

Nikataka kusema wewe, Sista, wewe uliyewafokea wanaoficha. Aliliona neno hilo usoni mwangu.

"Ndiyo, mimi. Daktari alinieleza kila kitu, ni binti mzuri, ana subira. Nilisikia neno la kwanza tu, kukata. Mengine yote yalinipita. Halafu akaniuliza kama nimeelewa. Nikasema nimeelewa."

Akakisukuma kipeperushi mkobani. "Nilikuwa nimeamua nisirudi tena. Mwanangu yuko Mtwara, sijamwambia. Jumatatu nikafikiri, kama ni mgonjwa wangu ningemuuliza nini? Ningemuuliza nani sikio lako. Ndiyo maana upo hapa."

Niliogopa. Miaka yote hii nimeogopa kuitwa kwa jina hilo tena. Nikamwambia, "Sista, mimi nilishashindwa."

"Wewe ulishindwa kusema. Kusikia hukushindwa. Inuka, tunaitwa."

Daktari alikuwa msichana mwembamba mwenye miwani. Akauliza, "Mama, huyu ni mwanao?"

"Huyu ni sikio langu. Mwambie yeye. Mimi nitakaa hapa."

Daktari akaeleza, nami nikasikia kama sijawahi kusikia kitu maishani. Aliposema jambo nisilolijua niliuliza. Mara mbili nilimwambia arudie. Sista aliketi akitazama mikono yake.

Tulipotoka tukakaa kwenye kile kiti cha chuma. Akataka kukunja mikono kifuani, mkono wa kushoto ukamuuma, akauteremsha.

"Haya," akasema. "Nirudishie."

"Jumanne unalazwa. Usile wala usinywe kitu tangu saa sita usiku, hata chai. Jumatano asubuhi unafanyiwa upasuaji. Wanakulaza usingizi, huwezi kusikia maumivu. Wataondoa..." Nikakwama. Nikaangalia sakafu. "Wataondoa huo uvimbe, na hapo ulipo pote."

"Hapo wapi?"

Watu walikuwa wanapita na mafaili. Yeye ni wa umri wa mama yangu. Nilihisi masikio yananiwaka moto.

"Titi," nikasema. "Titi lako la kushoto. Wataliondoa lote, na vitezi vya kwapani."

"Endelea."

"Utawekwa mrija mdogo wa kutoa maji, utatolewa baada ya siku chache. Mkono wa kushoto usibebe ndoo, lakini utaunyoosha kila siku watakavyokuonyesha, usikakamae. Baadaye kuna dawa za dripu, zitakuchosha, nywele zinaweza kutoka, zitaota tena. Na daktari amesema hivi: katika vipimo hawajaona kwamba umesambaa. Hajui yote mpaka wafungue. Lakini hawajaona. Amesema ukija Jumanne kuna matumaini mazuri. Amesema hasa, Sista, usichelewe."

Alikuwa analia, kimya kimya, machozi yakiingia kwenye kola ya gauni. "Hayo ya kwamba hawajaona," akasema, "aliyasema na wiki iliyopita?"

"Amesema aliyasema."

"Sikuyasikia."

Nikamwacha afute uso. Halafu nikakunja mikono yangu mimi, kwa sababu nilijua ningeondoka bila kufanya hivyo nisingelala. "Sista. Sasa nirudishie wewe."

Akakaza macho ukutani kama yule mzee wa Mkalama kwenye pazia la bluu. Nilidhani atanifokea. Akavuta pumzi akarudisha, taratibu, titi, mrija, mkono, dripu, nywele. Alisahau mkono usibebe ndoo, nikamkumbusha. Alipofika kwenye Jumanne akakwama.

"Jumanne," nikasema.

"Jumanne nakuja," akasema.

Halafu akawa yeye tena, akaniuliza lile swali lake lingine, na sauti yake ilikuwa ile ile ya barazani. "Na nani atanitazama kidonda bila haya? Wewe hapana."

Nikatoa simu nikampigia Naomi, nikaiweka sauti ya juu ili Sista asikie. Nikamweleza mke wangu kila kitu, pale pale kwenye kiti cha chuma, watu wakisikia. Nilitaja titi. Nilitaja kwapa na mrija na usaha, na jinsi ya kutazama kama pembeni mwa nyuzi pamekuwa pekundu. Sikuruka neno hata moja.

"Nirudishie," nikamwambia.

Naomi akarudisha yote. Alikuwa analia, na nilijua hakuwa anamlilia Sista peke yake. Alipomaliza tukasikia sauti nyingine nyuma yake, ya mama mkwe, anayekaa nasi sasa, na ambaye mpaka leo hanisemeshi moja kwa moja wala mimi simsemeshi.

"Mwambie mumeo," mama mkwe alisema, "huyo Sista akitoka aletwe hapa. Kidonda nitakitazama mimi. Na mwambieni hatatwanga."